Pensi fupi Kigoma: pa kuivalia, pa kuifunika, na namna ya kuishona

Kabla sijamkatia mtu pensi, namkalisha kwanza kwenye kigoda. Ni kigoda cha mbao kisicho na mgongo, na kimo chake hakipishani sana na kiti cha daladala. Namwambia akae kama anavyokaa siku zote, si kama anayepigwa picha, halafu navuta futikamba kutoka gotini kwenda juu. Wiki iliyopita binti mmoja alitaka pensi inayoishia inchi 5 juu ya goti. Akisimama, ni 5 kweli. Akikaa, ni 8. Nikamwekea kidole pale pindo litakapofika, akaangalia mwenyewe, akasema, "Basi ongeza, mama."

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama pensi fupi inakubalika hapa Kigoma, kwa mwanaume au kwa mwanamke, simjibu ndiyo wala hapana. Namuuliza atakaa nayo wapi, na atapita wapi kabla ya kufika huko. Mji wetu ni mmoja, lakini kutoka Kibirizi hadi Ujiji nguo ile ile inabadilika maana mara tatu au nne.

Nimezaliwa Ujiji. Cherehani nilifundishwa na mama yangu mdogo, na huu ni mwaka wa 26 niko Mwanga, hatua chache kutoka sokoni. Nashona sare za shule, nashona madera, nashona pensi za vitenge kwa wanafunzi, kwa vijana wa hapa na kwa wageni wanaokwenda hifadhi ya sokwe ya Gombe. Haya ninayoandika nimeyasema dukani mara nyingi mno, bora niyaweke mahali pamoja.

Kwanza tuelewane maneno

Kaptula ni ya kitambaa kigumu, ina mkanda, zipu na mifuko. Ndiyo sare ya watoto wa kiume wa shule ya msingi. Bukta ni ile nyepesi ya lastiki, ya mpira na mazoezi. Jina tumelirithi kutoka kampuni ya Uingereza ya nguo za michezo iliyoitwa Bukta, iliyoanza mwaka 1879. Pensi ni ya kutembelea, ya jinzi au kitenge, na ikizidi kuwa fupi watu wanaiita kipensi. Mteja akija na neno moja akimaanisha jingine tunapoteza kitambaa, ndiyo maana nauliza mara mbili.

Kaptula ina jambo lake kwa wanaume, na wageni wengi hawalijui. Hapa mtoto wa kiume anakaa na kaptula miaka yote ya shule ya msingi, na siku anayokwenda sekondari ndipo anapata suruali. Kila Januari nawaona. Mwaka huu alikuja mmoja na bibi yake kujaribu suruali yake ya kidato cha kwanza. Alipoivaa hakusema kitu. Akajitazama kwenye kioo, akaingiza mikono mifukoni, akaitoa, akaingiza tena, kisha akatoka nje akasimama barabarani kama dakika nzima. Bibi yake akaniambia, "Mwache, anajionyesha." Ukilielewa lile la mtoto yule, utaelewa kwa nini baba mzima akienda na kaptula kwenye kikao cha ukoo au ofisi ya kata, watu wanamtazama vile. Hawamwoni yuko uchi. Wanaona amerudi utotoni mbele ya wakubwa. Na wazee waliobaki wanakumbuka kaptula za kaki walizovishwa askari na watumishi wa enzi za mkoloni, mtu na ndevu zake akaitwa "boi". Kumbukumbu hiyo haijafutika.

Mwaloni na ufukweni

Ukitaka kuona mahali ambapo hakuna anayehangaika na mapaja ya mtu, nenda mwaloni Kibirizi asubuhi mitumbwi ikirudi. Wavuvi wamekesha ziwani na taa zao wakitafuta dagaa. Wanashuka majini na bukta zilizolowa hadi kiunoni, wanavuta kamba, wanabeba masanduku. Kina mama nao wanaingia majini na mabeseni, vitenge wamevikwea juu ya magoti na kuvikaza kiunoni. Hakuna anayemtazama mwenzake. Kazi ndiyo iliyoamua urefu wa nguo.

Kwa hiyo mwaloni, mwanaume vaa bukta yako bila wasiwasi. Chagua ya rangi nzito, nyeusi au bluu ya usiku, na iwe na neti ndani. Bukta nyeupe nyepesi ikilowa inaonyesha kila kitu, na hapo hata wavuvi watakwambia ujifunge taulo. Mwanamke, pensi ya kazi au taiti ya hadi gotini na kitenge juu yake ndiyo desturi. Ukiingia majini unakikwea, ukitoka unakishusha.

Ufukwe wa kulipia ni mambo mengine. Pale Jakobsen watu wamekwenda kuogelea, na pensi fupi kwa mwanaume na kwa mwanamke haina mzozo. Ila barabara ya kwenda huko inapita Katonga, na Katonga ni kijiji cha watu, kuna wazee wamekaa nje, kuna watoto wanatoka madrasa. Jifunge kitenge hadi ufike, ukifika kifungue ukilalie mchangani. Hata ukiwa ndani ya bajaji, jifunge, maana bajaji iko wazi pande zote mbili na ukikaa zile inchi 5 zimeshakuwa 8.

Wanaokwenda Gombe huniletea picha za marehemu Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe. Alifika pale Julai 1960, na picha zake za miaka ile zinamwonyesha msituni amevaa kaptula ya kaki. "Mbona yeye alivaa?" wananiuliza. Ni kweli alivaa, na msituni nani wa kumuuliza. Lakini mimi nawashauri suruali nyepesi ndefu kwa sababu nyingine kabisa: milima ya Gombe ni mikali, njia zina miiba na nyasi zinazokata, na kuna mahali utateleza ukae chini hutaki hutaki. Pensi ivae kwenye boti. Na ukishuka vijijini kaskazini ya hifadhi, Mwamgongo kwa mfano, kitenge kirudi kiunoni.

Kuhusu boti nasema kwa msisitizo. Pale Kibirizi boti nyingi unaziingia kwa kukanyaga maji kisha unapandisha mguu juu ya ubao wa pembeni. Ubao ule uko juu. Pensi iliyobana msambani itachanika hapo hapo mbele ya abiria wote, nimeletewa nne kwa mwaka mmoja kuziziba. Pensi ya boti iwe na nafasi msambani kuliko ya mtaani. Nitaeleza kwenye kushona.

Mtaani

Barabara ya Lumumba, Mwanga, Gungu: mwanaume mwenye pensi ya hadi gotini anapita salama, hasa kijana, hasa jioni au Jumapili. Ikipanda juu ya goti kidogo, atasemwa na mama yake nyumbani lakini mtaani hakuna atakayemsimamisha. Bukta ya mpira akitoka uwanjani, sawa. Bukta hiyo hiyo akienda nayo dukani kununua mkate, sawa pia, watu wameizoea.

Mwanamke, nakwambia ukweli kwa sababu nakupenda: pensi ya juu ya goti, peke yake, barabarani mchana, bado haijakubalika Kigoma. Utatazamwa, utasemwa, na ukiwa na bahati mbaya utazomewa. Sisemi ni haki. Si haki, na limeniuma kwa muda mrefu.

Miaka michache iliyopita, kwenye stendi moja ambayo sitaitaja, alishuka binti mgeni, mwanafunzi, amevaa pensi ya jinzi na fulana kubwa. Kwao huenda ilikuwa nguo ya kawaida. Nilikuwa nimekwenda kupokea mzigo wa vitambaa. Vijana wakaanza kupiga miluzi, wakamzunguka, mmoja akamvuta begi. Nilimwona yule binti ameshika mkanda wa begi kwa mikono miwili, vidole vimekuwa vyeupe. Niliacha mzigo chini, nikafungua kitenge changu cha juu, nikamzungushia kiunoni, nikafunga kwa pini niliyoitoa kwenye blauzi yangu mwenyewe. Alikuwa anatetemeka hadi pini ikanichoma mimi.

Kisha nikamgeukia yule aliyevuta begi. Alikuwa na bukta ya mpira, tena fupi kuliko pensi ya binti. Nikamuuliza, "Mwanangu, wewe umevaa nini?" Akatazama magoti yake. Wenzake wakanyamaza. Akasema, "Samahani mama." Nikamwambia asiniombe mimi, amwombe huyu. Akamwomba. Sijasahau lile, kwa sababu nilijua kama nisingekuwepo lisingeishia kwa begi.

Na si jambo la Kigoma peke yake, wala si la jana. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze rasmi Januari 1, 1969 pale Dar es Salaam, kupiga vita sketi fupi, mawigi, mikorogo na suruali za kubana. Suruali za wanaume zilitajwa, lakini walioshambuliwa na vijana kwenye mabasi ya Kariakoo, hata kabla ya tarehe yenyewe, walikuwa wasichana. Juni 2021 mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa bungeni kwa sababu ya suruali, na suruali yenyewe ilikuwa ndefu hadi chini. Wakati huo huo tazama picha ya Filbert Bayi akivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, au za Taifa Stars walioshiriki Kombe la Mataifa ya Afrika kule Lagos mwaka 1980. Bukta za enzi ile zilikuwa fupi haswa, mapaja yote nje, na nchi nzima inashangilia.

Binti yangu mwenyewe alinifunza jambo. Alipomaliza kidato cha sita alikwenda JKT, kambi ya Bulombora. Aliporudi akaniambia, "Mama, kule tumekimbia na bukta alfajiri, wavulana na wasichana, hakuna aliyesema neno." Lakini siku aliyorudi alishuka kwenye gari amejifunga kitenge, hakuna aliyemwambia. Alijua mwenyewe mahali kambi inapoishia. Nilimtazama nikafurahi na nikahuzunika kwa pamoja.

Ujiji, na mpaka wa wanaume

Ujiji ni mji wa misikiti. Watu wanaufahamu kwa Livingstone na Stanley kukutana pale mwaka 1871, na wageni wanakuja kutazama kumbukumbu yake wakiwa na pensi za safari. Ndani ya eneo la makumbusho hakuna shida. Njia ya kwenda huko ndiyo yenye adabu yake, inapita katikati ya makazi.

Hapa nataka wanaume wanisikilize. Katika mafundisho tuliyolelewa nayo, uchi wa mwanaume ni kati ya kitovu na goti. Maana yake pensi inayoonyesha paja inamhusu yeye pia, si dada yake tu. Baba yangu mkubwa, Mungu amrehemu, kijana akija barazani kwake na bukta alikuwa hampi kahawa. Anamwambia kwa upole, "Nenda kavae, kahawa inakungoja." Na kweli kikombe kilikuwa kinawekwa pembeni. Hakumfokea mtu hata siku moja, na hakumwambia binti neno ambalo hajamwambia kijana. Leo nawaona wanaume wamekaa barazani na pensi za juu ya goti wakijadili nguo ya mwanamke anayepita. Kama mnausimamia mpaka, anzeni na goti lenu.

Kwa hiyo Ujiji: mwanaume, pensi ivuke goti hata ukikaa, kwa hiyo ikatwe inchi 2 hadi 3 chini ya goti ukiwa umesimama. Mwanamke, dera, sketi ndefu au kitenge, pensi ikae ndani kama ipo. Mwezi wa Ramadhani nawaomba wote mwongeze uangalifu mji mzima, si Ujiji tu. Msibani usiulize, hakuna pensi.

Ofisini, ukweni, nyumbani

Ofisi za serikali usijaribu. Watumishi wa umma wana waraka wao wa mavazi wa mwaka 2007, na ofisi nyingi zimebandika mlangoni picha za nguo zisizotakiwa zikiwa zimepigwa mstari. Bango linamgusa na mwananchi anayekuja kuhudumiwa. Mpwa wangu alirudishwa getini kwenye ofisi moja, amefuata cheti cha kuzaliwa, pensi yake ya jinzi ilikuwa inagusa goti. Tulitoka Ujiji kwa nauli, tukarudi kwa nauli, tukaja kesho yake kwa nauli. Tangu hapo kwenye mfuko wangu kuna suruali moja ya lastiki ya kumvalisha mtu yeyote juu ya pensi. Makanisani na hospitali ni hivyo hivyo, walinzi wanatazama magoti kabla ya uso.

Ukweni usiende na pensi, hata kama mkwe wako ni mtu wa utani. Wewe mwanaume ndiyo kabisa. Na nyumbani kwako, ukipenda kukaa na bukta baada ya kuoga, weka msuli au shuka nyuma ya mlango. Mama mkwe hapigi simu kabla ya kuja. Nimeona baba mmoja amejificha jikoni nusu saa nzima mama mkwe wake akimngoja sebuleni, kwa sababu tu hakukuwa na kitu cha kujifunga karibu.

Treni ya kutoka Dar inakwenda zaidi ya kilomita 1200 kufika hapa, unalala njiani. Wengi wanavaa pensi kwa joto. Vaa, ila kitenge kiwe begani, maana ukisinzia hujui miguu imekwenda wapi.

Jioni ikiingia badilisha, hata kama uko ufukweni na hakuna mtu wa kukusema. Mbu wa malaria huuma usiku na Kigoma malaria tunayo.

Namna ninavyoishona

Siri yangu ni moja: usinunue kitambaa cha pensi peke yake. Nunua yadi 3 na nusu za kitenge kimoja. Yadi 1 na nusu inatosha pensi ya mtu wa mwili wa kawaida, na yadi 2 zinabaki kuwa kitenge cha kujifunga, ua lile lile, rangi ile ile. Mtu akiwa amejifunga anaonekana amevaa suti ya kitenge. Akifika ufukweni anafungua, pensi hiyo hapo. Mtu akitokea, anafunga, sekunde tatu. Wazo hili lilitoka kwa yule binti wa stendi. Alirudi siku ya nne kunirudishia kitenge changu, kimefuliwa na kukunjwa, na pini imechomekwa pembeni. Akaniambia, "Mama, nataka kama hiki, na pensi yake." Nikamshonea, na nikaona ndilo jibu la watu wengi.

Loweka kitambaa usiku mzima kabla ya kukata. Kitenge cha pamba kinarudi. Pensi iliyokatwa kabla ya kuloweka itakuwa fupi kuliko ulivyokubaliana na fundi, na utamlaumu bure. Anika kivulini, piga pasi, ndipo upime.

Pima mara mbili, umesimama na umekaa, na ukate kwa kipimo cha kukaa. Msambani ongeza inchi 1 nyuma, mbele nusu inchi. Watu wanadhani pensi inapanda kwa sababu miguu ni mifupi, kumbe inapanda kwa sababu nyuma imebana, ukikaa makalio yanavuta kitambaa chote juu. Nyuma ikipata nafasi, pindo linatulia. Mwenye mapaja manene nampanulia mguu chini, usiwe wa bomba, la sivyo kitambaa kinapanda na kujikunja katikati kila hatua.

Upindo uache mpana, inchi 2 nzima. Fundi mvivu atakukunjia nusu inchi, amekumalizia safari. Upindo mpana unakupa nafasi ya kufumua na kushusha ukihamia mahali pengine, au ukiona umekosea. Nimeshusha pindo za wanafunzi wengi mwezi wao wa kwanza hapa, na nimezipandisha tena wengine walipoondoka.

Kiunoni, mwanamke anayejifunga kitenge juu asiweke mkanda mpana, unaleta tuta. Weka lastiki nyuma, mbele pawe bapa. Kwenye kitenge chenyewe shonea kamba pembe moja na kifungo upande wa pili, ili upepo wa ziwa ukija usikivue. Mchana upepo wa Tanganyika una nguvu, si wa mchezo. Fundo la kawaida linafunguka.

Kwa wachezaji wa kike, nawaambia makocha kila mara: taiti ya rangi ya bukta, hadi gotini, iwe ndani. Wazazi wa Ujiji waliokuwa hawataki binti zao wacheze nimewaona wakibadilika kwa taiti hiyo tu. Kumnyima mtoto mpira kwa sababu ya inchi 6 za kitambaa ni hasara kubwa mno.

Ukisemwa

Mzee akikusema, mwamkie kwanza. "Shikamoo baba, samahani, najifunga sasa hivi." Mara nyingi atakuuliza umetoka wapi na atakuonyesha njia. Usibishane naye juu ya haki yako pale barabarani. Ukitaka kubishana njoo dukani kwangu, tutabishana na chai.

Vijana wakizomea, usijibu na usikimbie. Ingia duka la karibu lenye mwanamke, sema, "Mama, naomba nikae hapa kidogo." Sijawahi kuona mama wa Kigoma anayemfukuza. Mtu akikugusa, hapo si suala la nguo tena. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, nenda na mtu mzima mmoja aliyeona, ueleze. Na wewe mwanaume uliyesimama pembeni ukiona, sema neno. Unaweza kuwa na pensi ya goti au kanzu, neno lako linasikika pale kuliko langu.

Yule binti amemaliza masomo sasa. Kabla hajaondoka alikwenda Gombe na wenzake, nikamsindikiza hadi Kibirizi kwa sababu nilikuwa nafuata dagaa. Aliingia majini, akakwea kitenge, akapandisha mguu juu ya ubao wa boti. Pensi haikupanda, na msamba ulishika. Boti ilipotoka kama mita 100 hivi nilimwona anafungua kile kifungo nilichomshonea, akakikunja kitenge mara mbili, akajifunika kichwani, jua lilikuwa kali.